Ngumi ya Mtoto, Sauti ya Mzazi
Mwezi Julai 2000, katika mji wa Reading, jimboni Massachusetts nchini Marekani, baba mmoja alilalamika kwamba mazoezi ya hoki ya watoto yamezidi ukali, kisha akampiga mzazi mwenzake aliyeyasimamia hadi akafa, watoto wakiwa hapo hapo. Mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 hadi 10. Kisingizio cha hasira za mchezo sikikubali, ingawa nami (nakiri) nimewahi kumfokea mwamuzi mpaka mwanangu akainama na kujifanya anafunga kamba za viatu. Majuma mawili baadaye, alipomrushia mwenzake ngumi kwa sababu ya mpira wa kurusha, sikuwa na uso wa kumtupia kocha lawama.