Kalenda ya mwezi kwenye mlango wa jiko

Basi la Dodoma liliingia stendi ya Kange, hapa Tanga, juzi saa mbili usiku. Watoto watatu wa dada yangu wakashuka wamechoka, nywele zimejaa vumbi la safari. Hata mizigo hatujaipakia kwenye bajaji, swali likaja lile lile la kila Desemba: "Shikamoo mama mdogo, kesho tunaenda baharini?"

Nikawajibu, "Marahaba. Tukifika tutauliza mlango."

Mlango ni wa jikoni kwangu. Nimetundika hapo kalenda ya ukutani, na kwenye kila tarehe nimeandika kwa kalamu ya buluu siku ya mwezi wa mwandamo. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na sikumwona hata siku moja akishika karatasi yenye saa za maji. Alihesabu mwezi tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari iko kwenye bamvua: hupwa mpaka mbali, kisha hujaa mpaka kwenye mizizi ya mikadi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Siku za bamvua hapa Tanga maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi jioni, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mtoto wa pwani hukua anayasikia haya. Mtoto wa Dodoma atayasikia wapi, asipoambiwa na mimi?

Sikuwaambia. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ilikuwa siku moja kabla ya Krismasi, 2022, bamvua. Watoto walitoka asubuhi na kutembea mpaka kwenye fungu la mchanga lililo mbele ya pwani yetu. Njia nzima maji yalikuwa ya vifundoni. Wakaokota makome, wakajenga nyumba za mchanga. Mimi nilikuwa jikoni nikiamini wakubwa wanawaangalia wadogo. Wakubwa waliamini mimi nawaona kutoka barazani. Ikapita saa sita mchana.

Watu wengi hawajui kwamba fungu halizami kwanza. Maji yanaporudi huanza kwa kujaza mkondo ulio nyuma yako, kati ya fungu na nchi kavu, na wewe bado umekaa pakavu unacheza. Saa ya kwanza hupanda polepole. Ikifika saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi, na kwenye mkondo yanavuta. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 11, alipoona maji yamewazunguka aliamua kuvuka peke yake aje kuniita. Yakamfika kiunoni, kifuani, kisha mguu ukakosa pa kukanyaga. Hakupiga kelele. Wenzake kwenye fungu walidhani anaogelea. Anayezama hana pumzi ya kuitia watu, na mikono yake iko chini akijaribu kuyasukuma maji. Mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi ndiye aliyemwona na kumkamata kwa shati.

Pwani, mtu mmoja kwa nia njema akamning'iniza miguu juu ili "maji yatoke". Tusifanye hivyo. Bahati yake alikuwa anapumua na kukohoa. Mtoto asiyepumua hulazwa chali, akapuliziwa pumzi mdomoni papo hapo, akakandamizwa kifua, huku mwingine akitafuta gari. Tulimpeleka hospitali ingawa alishaanza kuongea, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye. Alilala huko usiku mmoja. Mimi sikulala.

Tangu mwaka ule tuna kofia. Ni kofia ya ukindu ya kawaida, ya sokoni. Anayeivaa ndiye mwangalizi: hashiki simu, hasuki nywele, haendi kununua mihogo. Akitaka kuondoka, anamvisha mtu mzima mwingine kichwani na kumtamkia, "Wako sita." Kwenye fungu tunakwenda maji yakiwa bado yanapwa, na tunaanza kurudi kabla hayajageuka, hata watoto walie. Kuoga ni mpaka kifuani mwa mtoto, mbali na mkondo. Na kuna dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Asiyejua kuogelea vizuri hamrukii anayezama, watazama wawili. Anamrushia dumu alikumbatie, kisha anavuta kamba.

Nyumbani nako kuna bahari ndogo ndogo. Kitinda mimba wangu ana miaka miwili, kwa hiyo ndoo ya maji ya kufulia haibaki chini bila mfuniko hata dakika mbili. Mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda. Na akiyanywa mtoto, msimtapishe wala kumnywesha maziwa kwa nguvu, maana yakipanda tena huingia mapafuni, kimbilieni hospitali. Maembe tunayaangua kwa upembo, kwa kuwa mwembe ulionyeshewa na mvua za vuli unateleza kama sabuni na nimeshaona mikono mingi iliyovunjika Desemba. Chandarua kila kitanda. Homa ikimpata mmoja, anapimwa malaria siku hiyo hiyo, hatusubiri "tuone kesho".

Jambo moja nalisema nao kila likizo, usiku wa kwanza, wakiwa kwenye mkeka. Nyumba ya likizo ina wageni wengi, wajomba, marafiki wa wajomba. Nawaambia mwili wako ni wako, na mtu akikuambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kuniambia kwanza, hata akiwa ni mtu ninayemheshimu, na sitakupiga. Wakubwa wanaijua namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Nimewafanya waitamke mpaka waikariri.

Twisheni sijawaandikisha. Najua majirani wananishangaa. Lakini mtoto aliyeamka alfajiri kwenda shule mwaka mzima anahitaji kulala mpaka jua limwamshe, acheze rede na kombolela mpaka sauti ikauke, na jioni amsikie bibi yake akiita "Paukwa!" naye ajibu "Pakawa!" Wanajifunza kugawana embe moja watu watatu. Mimi naona hiyo ni shule tosha kwa mwezi mmoja.

Kesho ni mwezi pili, yaani siku ya pili ya mwandamo, maji yatapwa saa nne na ushee. Tutatoka saa mbili na nusu, kofia ni yangu. Yule aliyekamatwa kwa shati sasa ana miaka 14, na miguu imeshapita godoro. Jana usiku, umeme umekatika, nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jiko na kalenda mpya. Alikuwa anaandika siku za mwandamo za Januari kwa kalamu ya buluu, akihesabu kwa vidole. Nikamshikia taa.