Uzoefu wangu: kufundisha lipidi kwa mafuta ya sokoni

Somo la lipidi (mafuta, nta na jamaa zao) likianzia ubaoni, kwa mchoro wa gliseroli (uti wa molekuli ya mafuta) na mikia yake mitatu, wanafunzi huukariri mchoro, na mtihani ukigeuza swali kidogo wanakwama. Mimi naanzia mezani, kwa chupa nne: mafuta ya nazi, mawese ghafi, mafuta ya kula yaliyotokana na mawese na kuchujwa, na alizeti. Mchoro unakuja baadaye, wakiwa na jambo la kuuliza.

Ninachotaka walishike ni hiki: tabia ya mafuta imo kwenye mkia wa asidi ya mafuta (mnyororo wa kaboni na haidrojeni), yaani urefu wake, na kama umenyooka au umepinda.

Mimina ml 10 za kila mafuta kwenye testi tyubu kavu. Zipashe zote ndani ya maji ya nyuzi 50 kwa dakika kumi ili kila punje iliyoganda iyeyuke, kisha zihamishie kwenye beseni na ushushe joto taratibu kwa vipande vya barafu huku kipimajoto kikiwa ndani ya mafuta yenyewe, si kwenye maji ya beseni. Nazi hubadilika kuwa nyeupe na kuganda kama nta. Mawese ghafi hujigawa: chenga nzito chini, mafuta mepesi mekundu juu. Yale yaliyochujwa hukaa safi muda mrefu, yakaanza kuweka ukungu karibu na nyuzi 10, kwa sababu sehemu ngumu ya mawese imeshaondolewa kiwandani. Alizeti hubaki maji hata ikilala kwenye friji ya nyuzi 4.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kupima kuganda badala ya kuyeyuka. Mafuta ya nazi yakipoa bila kutikiswa yanaweza kushuka hata chini ya nyuzi 20 yakiwa bado maji, kwa kuwa hayajapata punje ya kuanzia. Kundi moja litaandika 19, jingine 23, na wote watadhani wamekosea. Dondosha chembe ya mafuta yaliyokwisha kuganda, au yagandishe kabisa kwanza, kisha upime yanapoyeyuka: utapata karibu na nyuzi 24. Hapo hapo linajibiwa swali la kila mwaka, kwa nini mafuta ya nazi ya Dar es Salaam yakifika Njombe mwezi wa saba yanakuwa kama samli. Hayajachakachuliwa, baridi tu imeyakuta.

Sasa ndiyo namba zinakuwa na maana. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote za mafuta ya nazi, ina kaboni 12 na huyeyuka kwa nyuzi 44. Palmitiki ina kaboni 16, nyuzi 63. Steariki ina 18, nyuzi 69. Mkia mrefu una sehemu kubwa zaidi ya kushikana na jirani yake. Halafu waoneshe oleiki: kaboni zilezile 18, haidrojeni mbili pungufu, hivyo kaboni mbili hushikana kwa bondi maradufu inayoupinda mkia, na inayeyuka kwa nyuzi 13 hivi. Linoleiki, iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida, ina bondi maradufu mbili na huyeyuka chini ya sifuri.

Kwa nini haidrojeni mbili zilete tofauti yote hiyo? Hapa natumia kiberiti. Toa njiti zote kwenye kisanduku, zirudishe zikiwa zimenyooka: zinaingia bila taabu. Zitoe tena, ukunje kila moja katikati mpaka ivunjike nusu bila kuachana, kisha jaribu kuzirudisha. Kisanduku hakifungi. Katikati panafaa kweli, maana bondi maradufu ya oleiki iko baada ya kaboni ya 9 kati ya 18. Mikia iliyopinda haipangiki, haishikani vizuri, ndiyo maana mafuta hubaki maji. Ongeza mfano wa viumbe: mafuta ya ng'ombe hushika ukingo wa sufuria chakula kikipoa, lakini mafuta ya samaki anayeishi kwenye maji yenye baridi hubaki laini. Samaki huyo angekuwa na mikia iliyonyooka, utando wa seli zake ungekakamaa.

Baada ya hapo ndipo nachora gliseroli: kaboni tatu, kila moja na kundi la OH, kila OH ikishikwa na asidi ya mafuta kwa bondi ya esta, na molekuli tatu za maji zikitoka. Huchukua dakika tano.

Jaribio la kutambua lipidi ni rahisi kulieleza na rahisi kulikosea. Ponda karanga tatu, tia ml 5 za ethanoli, tikisa kwa dakika moja, acha zitulie, kisha mimina ule umajimaji wa juu kwenye ml 5 za maji. Ukungu mweupe kama maziwa unaonesha lipidi: ethanoli imechangamana na maji, mafuta yameachwa bila mwenyeji, yakatawanyika kuwa vitone vidogo vinavyosambaza mwanga. Testi tyubu ikiwa na maji tangu mwanzo, ukungu hutokea mapema na karanga hazitoi mafuta yao vizuri. Shida kubwa zaidi ni spiriti. Baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi zimetiwa mafuta ya nyonyo, na hizo hupauka zikikutana na maji tu, hata bila karanga. Kwa hiyo jaribu spiriti yako peke yake kwanza. Ikitoa ukungu, itafute nyingine.

Jaribio la iodini ya duka la dawa kutofautisha mafuta yenye bondi maradufu nimeliacha. Iodini huhamia ndani ya mafuta kwa kuyeyuka tu, rangi ya juu inafifia, na darasa zima linaandika kwamba imeungana na bondi maradufu. Maji ya bromini hutoa jibu linaloaminika zaidi, lakini yanahitaji chumba chenye hewa na glavu.

Fosfolipidi, lipidi zenye kundi la fosfati, naziingiza kwa mayonesi ya yai. Kiini kimoja, kijiko kimoja cha maji ya limau, ml 120 za alizeti. Mafuta yaanze tone kwa tone huku unapiga mfululizo, na uzi mwembamba ufuate baada ya robo kuisha. Ukimwaga haraka, vitone vinakutana kabla lesithini (fosfolipidi ya kiini) haijavizunguka, na mchuzi unakatika. Usiutupe: weka kiini kingine kwenye bakuli safi, ukirudishie ule uliokatika kidogo kidogo. Lesithini ni gliseroli ileile, ila mkia mmoja umepisha kundi la fosfati lenye kolini, nalo linapenda maji. Kichwa majini, mikia miwili mafutani. Zikiwa ndani ya maji matupu, molekuli hizo hujipanga safu mbili mikia ikitazamana, na huo ndio msingi wa utando wa seli.

Kuuona utando huo ukivunjika, tumia bitiruti. Kata vipande vya sentimita moja, vioshe mpaka maji yatoke meupe, kwani seli zilizokatwa na kisu humwaga rangi kwa vyovyote vile, na asiyeosha hupata matokeo mekundu kila mahali. Weka kipande kimoja kwenye maji baridi, kimoja kwenye maji ya nyuzi 70, kimoja kwenye ethanoli, dakika kumi. Rangi ikivuja, utando umevunjika. Waeleze kwamba joto huharibu pia protini za utando. Ethanoli ndiyo inayogusa lipidi moja kwa moja.

Nta na steroidi hazihitaji muda mrefu. Dondoshea maji kwenye jani la gimbi, yatabingirika, kwani nta ni asidi ndefu iliyoungana na alkoholi ndefu, bila gliseroli na bila pa kushikia maji. Kolesteroli, ambayo ni steroidi, haina mikia kama hii, ina pete nne, nayo ndiyo mwili hutumia kutengeneza homoni za uzazi, vitamini D na chumvi za nyongo. Lebo ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya alizeti ni kweli, lakini vivyo hivyo kwa karibu mafuta yote ya mimea.

Kuhusu akiba ya nishati, gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 37 hivi, wanga 17, na mafuta hukaa mwilini bila kubeba maji mengi.

Mwisho wa kipindi, usimwage mafuta ya nazi sinkini: yataganda ndani ya bomba. Yafute kwa karatasi yakiwa ya moto, kisha osha testi tyubu kwa maji ya moto na sabuni. Darasa lililoelewa lesithini litakueleza lenyewe kwa nini sabuni inafanya kazi ambayo maji peke yake hayawezi.