Siku niliyomuua fundi

Jana nilimpeleka binti yangu kwa fundi akapimwe shati la shule. Ndiyo, fundi yuleyule wa "njoo Ijumaa". Mtoto naye hatulii, macho yanazunguka chumba kizima, mpaka akaiona ile kadi nyeusi inayoning'inia kwenye msumari juu ya cherehani.

"Babu, ile ya nini?"

"Muulize mama yako," fundi akasema, pini mdomoni. "Alinivalisha siku aliyoniua."

Nilimuua kweli. Ilikuwa 2013, Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi. Mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam yalishatutia adabu watu wa bondeni. Mto Msimbazi uliingia ndani bila hodi, majirani zetu wengi wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na sisi tuliong'ang'ania hapa tukaambiwa tujifunze kuokoana, maana gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vyetu hata siku ya jua. Mtaa ukatoa watu ishirini. Wengine walikwenda kwa moyo. Mimi nilifuata nauli na soda.

Siku nne za bendeji na machela nazirukia. Ya tano ilikuwa zoezi. Tukagawiwa reflekta na kadi za rangi nne za kuwavalisha majeruhi. Anayetembea ni kijani, aende akakae chini ya mwembe. Anayeweza kusubiri, njano. Nyekundu abebwe sasa hivi. Nyeusi ni wa kuachwa. Mkufunzi, dada mpole asiyependa kurudia neno, alitwambia kila mtu apate nusu dakika tu, na asiyepumua tusimpe nyeusi kabla ya kumlaza kichwa nyuma na kumwinua kidevu. Pengine ulimi umeziba njia. Akianza kupumua, huyo ni nyekundu.

Nililiandika hilo kwenye daftari. Nikalipigia na mstari.

Filimbi ikalia. Uwanja mzima watu wamelala, wamepakwa tomato sosi, nzi wanashangilia. Mama muuza vitumbua alikuwa analia kwa ufundi mkubwa, mpaka watoto wa pale shuleni wakaanza kulia naye. Nikampa kijani mmoja, njano mmoja, nikajiona daktari. Halafu nikafika kwa fundi.

Alikuwa amelala chali karibu na bomba, fulana yake imejaa vipande vya uzi kama kawaida. Nikapiga magoti. Nikatazama kifua: kimya. Nikasogeza sikio puani: kimya. Kope zilikuwa zinamchezacheza, na mshipa wa shingo umemtoka kama kamba. Baadaye alinieleza kwamba aliagizwa abane pumzi mpaka mtu amshike kidevu, na mimi nilivyokuwa nachelewa alishaanza kuona nyota. Nikachambua kadi. Nikatoa nyeusi. Nikamvalisha taratibu, nikaiweka sawa kifuani isije ikapinda.

Ndipo maiti akafungua mdomo upande mmoja, akanong'ona:

"Kidevu, we binti. Kidevu!"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mzee, maiti haisemi." Nikainuka, nikaenda zangu.

Kicheko cha siku ile nadhani kilifika Jangwani. Mkufunzi hakucheka. Alinitazama tu, akaandika kitu. Fundi akaondoka na kadi yake, akaigongelea msumari, na tangu hapo kila mteja anasimuliwa. Nikichelewa kulipa anainyooshea kidole: "Wewe una deni kubwa zaidi."

Mvua ya Aprili 2014 ilitukuta usiku. Reflekta zilikuwa zimefungiwa ofisi ya mtaa, mwenye ufunguo yupo ng'ambo ya maji. Kadi hakuna aliyezikumbuka. Tulibeba bibi wawili kwenye viti vya plastiki, tukafunga kamba kwenye nguzo ya umeme, huku tukiomba iwe haina umeme. Karibu na alfajiri vijana wakaja na kijana waliyemtoa mtaroni. Hakuna aliyemjua. Wakamlaza kwenye kibaraza cha fundi, na fundi mwenyewe akashika tochi.

Safari hii kidevu nilikiinua. Kilikuwa cha baridi, kina mchanga. Nikampulizia, nikabana kifua thelathini, nikapuliza mara mbili, thelathini tena. Sijui kwa muda gani. Mikono ilipokufa ganzi kijana mmoja akanipokea, kisha nikampokea na mimi. Mwishowe fundi akazima tochi, kwa sababu kulikuwa kumeshapambazuka na wote tulikuwa tunaona.

Kuna watu wameniambia kwamba angalau nilijaribu. Sijui kama neno hilo linanifariji au linaniudhi. Najiuliza pia kama alikaa mtaroni dakika tano au saa nzima, na kama tungekuwa na ule ufunguo tungemfikia mapema. Fundi, ambaye hana mzaha anaouacha upite, kuhusu yule kijana hajawahi kunitania hata mara moja.

Kwa hiyo mtoto aliponigeukia jana kusubiri jibu, nikamwambia nitamsimulia nyumbani. Nilikuwa na maana ya ile sehemu ya kuchekesha.

Fundi akatema pini kiganjani, akachukua futi, akamzungushia mjukuu wake shingoni apate kipimo cha kola.

"Inua kidevu," akamwambia.

Kisha akasema shati litakuwa tayari Ijumaa.