Siku ya kushusha joto

Saa moja asubuhi. Hata koti la maabara sijavaa, nachungulia joto la tangi kwenye skrini: nyuzi 37.0. Leo ni siku ya nne tangu tupande seli za CHO kwenye tangi ili zitutengenezee kingamwili, ambayo ni protini. Ni kizazi cha zile zilizotolewa kwenye ovari ya hamsta wa China mwaka 1957.

Saa mbili natoa sampuli. Mililita za kwanza namwaga, hizo ni za jana zilizolala mrijani. Natia tripani bluu, naweka chini ya hadubini. Seli hai zinang'aa kama vitone vya mafuta. Zilizokufa zimekunywa rangi. Nahesabu, mwenzangu ananisemesha, naanza upya. Milioni nane kwa mililita, asilimia 97 hai. Zinaongezeka bado, ila mwendo umeanza kupungua.

Saa nne, mabishano: tushushe leo au kesho? Kwenye 37 seli huzaana mbio, hufakamia glukosi, humwaga asidi ya laktiki, kisha hufa. Zikishushwa hadi 33 nyingi hukwama awamu ya G1, hatua ya kabla seli haijanakili DNA yake, haziendelei kugawanyika. Zinaishi zaidi, na mara nyingi kila moja hutoa protini nyingi kuliko awali, kwa sehemu kwa kuwa mRNA yake, nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, inakawia kuvunjika. Si kila ukoo wa seli unakubali, kuna ulionikatalia kabisa. Na ukiwahi, umebaki na vibarua wachache. Mwezi jana niliwahi kwa siku moja na nusu: kila seli ilichapa kazi, lakini mavuno ya tangi zima yalinitia aibu. Bosi aliniangalia tu.

Tunakubaliana leo.

Saa sita nashusha, polepole. Mstari wa oksijeni unapanda, kama nilivyotarajia: seli zinapumua kidogo, na gesi huyeyuka vizuri zaidi kwenye kimiminika cha baridi. Mashine yenyewe inabana hewa. pH, kipimo cha asidi, siiamini hivihivi, kwa kuwa usomaji wake huyumba joto likibadilika. Nachota sampuli nipime pembeni.

Saa kumi glukosi inashuka taratibu kuliko asubuhi. Napunguza lishe, la sivyo sukari italundikana.

Saa kumi na moja sampuli ya kingamwili inaingia friza. Skrini: 33.0. Kesho nikikuta milioni tisa, sawa. Nikikuta kumi na mbili, naanza na kipimajoto.