Kinanda cha Nusu Toni Chini

Septemba 2009 ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu Bheki Mseleku, mpiga piano wa jazi wa Afrika Kusini, afariki London. Hapa Tabora tulikuwa na ukumbi wa misheni, saksafoni ya tena, gitaa la besi, ngoma, na kinanda cha kusimama (piano) ambacho hakuna aliyekumbuka kilityuniwa lini. Tulitaka kupiga nyimbo zake tatu, Ijumaa jioni. Jumatano fundi akashuka kwenye treni ya Dar, mzee mwenye begi la turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungueni huku chini kwanza."

Hakugusa hata kibao kimoja. Akapiga tochi ndani, akavuta kiota cha panya kilichofumwa kwa sufu ya nyundo na vipande vya kitabu cha nyimbo za ibada. Halafu akavalisha ufunguo wake kwenye pini saba au nane zinazokaza nyuzi, hapa na pale, akizisukuma kidogo tu kusikia zinavyoshika. Zilikuwa ngumu, na uso wake ukalainika. Pini ikizunguka kama mwiko kwenye uji, hata utyuni vipi, sauti itashuka kabla hujafunga begi.

Ndipo akapiga la (A) ya katikati, mbele ya kile kipimo kidogo cha wapiga gitaa. Kipimo hakikuonyesha A. Kilionyesha G shapu, kibao cheusi kilicho nusu toni chini ya A, mshale umelala kulia kwenye 20, yaani sehemu 20 kati ya 100 za nusu toni. Maana yake la iliyotakiwa kulia kwa mitetemo 440 kwa sekunde ilikuwa inalia kwa karibu 420.

Sababu ni hewa ya hapa. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni hadithi. Ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi umetengenezwa ukiwa na tumbo kidogo. Ukikauka, tumbo linashuka na nyuzi zinalegea. Masika unavimba, sauti inapanda tena, lakini haifiki ilipokuwa. Miaka ikipita bila fundi, kinanda kinateremka ngazi moja moja.

Vijana wetu walitaka kipandishwe hadi 440. Mzee akawauliza nani atalipia nyuzi. Kinanda kina nyuzi zaidi ya 200, zote pamoja zinavuta uzito wa tani 15 na zaidi, na hizi zilikuwa na kutu pale zinapojikunja kwenye pini, ambapo ndipo hukatikia. Na hata zikivumilia, ukipandisha kiasi hicho, ukifika mwisho wa kinanda mwanzo umeshateremka. Unarudia mara ya pili, ya tatu, na baada ya wiki chache unaitwa tena. Yeye alikuwa na siku mbili.

"Tutakishusha," akasema. Zile 20 zilizobaki, mpaka kiwe nusu toni kamili chini.

Kushusha nako kuna ujanja wake. Sauti nyingi za kati na za juu zina nyuzi tatu kila moja; alipitisha utepe wa sufu katikati yake ili uliao uwe mmoja tu. Akaanza na la, kipimo kikisoma G shapu kwenye sifuri, kisha akajenga oktava moja ya katikati (do hadi do) kwa masikio, tano kwa tano, yaani kutoka sauti moja hadi ya tano yake, kila tano ikibanwa kidogo sana chini ya usafi wake. Fa na la zikipigwa pamoja, ambazo alizitumia kujisahihisha, zilikuwa zinatetemeka kati ya mara sita na saba kwa sekunde. Kutoka hapo, oktava juu na oktava chini, halafu anatoa utepe na kulinganisha nyuzi za pembeni kwa kabari za mpira. Raundi ya kwanza ilipoisha, zile za mwanzo zilikuwa zimepanda kidogo: mzigo ukipungua, ubao unainuka. Alhamisi akarudia yote.

Kazi ikahamia kwa mpigaji, mwalimu wa kwaya. Saksafoni na besi zingebaki kwenye sauti zao. Yeye ndiye angepiga kila kitu nusu toni juu. Wimbo wa D maina, vidole viko kwenye E fleti maina. Kwa aliyefundishwa kwa kusoma nota na kukariri sauti ya kila kibao, hiyo ni adhabu: mkono unasema hivi, sikio linasema vile. Mwalimu alilelewa na sol-fa. Do kwake ni do popote inapokaa.

Na hapo likatokea jambo ambalo hatukulipanga. Mseleku, mzaliwa wa Durban mwaka 1955, alijifunza mwenyewe, na tangu utotoni alikuwa amepoteza pingili za juu za vidole viwili vya mkono wa kulia. Alimpenda McCoy Tyner, na kodi zake (sauti zinazopigwa pamoja, si kodi za TRA) mara nyingi zimepangwa kwa nne, kila sauti ikiwa ya nne juu ya iliyo chini yake: D, G, C. Hizo ni vibao vyeupe vitupu. Sogeza nusu toni juu, zote tatu zinaangukia vyeusi. Nne ya juu yake, F, nayo nyeusi. Mwalimu alikuwa anaziweka kwa vidole vilivyolala, kama mtu anayeegemea ukingo wa mtumbwi, na mkono ulihama mzima mzima bila kidole gumba kupita chini.

Wazee waliokuja Ijumaa walitegemea magitaa. Mjini hapa ukisema jazi, mtu anasikia bendi za zamani za hapa: Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids. Walikaa. Katikati ya wimbo wa pili umeme ukakatika, besi ikafa, na mkono wa kushoto wa mwalimu ukashuka kuziba pengo, ukakutana na nyuzi mbili za shaba zilizokwisha kufa sauti. Alizikwepa kwa kupiga oktava juu. Mpiga saksafoni alisogea karibu na kinanda ili amsikie.

Kabla ya kwenda stesheni mzee aliweka beseni la maji ndani, chini kabisa, akaagiza lijazwe kila wiki mpaka mvua zianze. Kwenye kifuniko akabandika karatasi: NUSU TONI CHINI, MSIPANDISHE. Novemba vijana wa kwaya walileta magitaa yao, hawakuisoma, wakashinda mchana kutwa wakilaumiana nani hajatyuni.