Chokaa Iliyolala

Mwezi Agosti, upepo wa Dodoma unapopeperusha vumbi mpaka ndani ya vikombe vya chai, tulianza kujaribu kutibu tope la makaro kwa chokaa katika kiwanja kimoja huko Nkuhungu. Njia yenyewe ni ya siku nyingi na haihitaji umeme: chokaa iliyozimwa kwa maji huchanganywa na tope hadi pH (kipimo cha tindikali na alkali) ifike 12, na ikidumu hapo kwa angalau saa mbili, bakteria wengi wa kinyesi hufa. Mayai ya minyoo ya askaris yana roho ya paka, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yawe pungufu ya yai moja katika kila gramu ya tope kavu kabla tope hilo halijapelekwa shambani.

Pipa la kwanza, la lita 200, lilinitia aibu. Tulitia kilo tatu za chokaa, tukakoroga kwa mti mpaka mabega yakauma, lakini karatasi ya kupimia iligoma kwenye 10. Nililaumu karatasi, nikalaumu tope, kumbe kosa lilikuwa langu: mfuko ule niliununua miezi kadhaa kabla, nikauacha mdomo wazi bandani. Chokaa iliyozimwa ikikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa unga wa mawe, sawa na ile ya kupunguza tindikali shambani, ambayo haiwezi kuifikisha pH kwenye 12 hata ukimwaga gunia zima. Madukani zote huitwa chokaa tu.

Kwa mfuko mpya, karatasi ilifika 12 upesi, na harufu kali ya amonia ikatutoa machozi licha ya miwani. Nikashangilia. Mzee mmoja aliyepakua vyoo kwa miaka mingi alinitazama, akasema, "Mwanangu, hapo umepima uso. Tumboni je?" Tulifunga kopo kwenye mti, tukachota chini kabisa: 9. Mabonge ya tope yalikuwa yamejiviringisha kwenye vitambaa na taulo za kike, na chokaa haikuyagusa ndani. Tangu siku hiyo tunachuja kwanza kwa wavu wa nondo, kisha tunapima juu, katikati na chini.

Ukaushaji haukutusumbua. Tope la kina cha sentimita 20, likitandazwa juu ya mchanga na kokoto, lilipasuka vipande kama sakafu ya bwawa lililokauka, ingawa sithubutu kujisifu kabla mvua za Desemba hazijanyesha.

Sampuli za mayai ya minyoo bado ziko maabara. Jirani mwenye shamba la zabibu alikuja juzi na toroli kuomba mbolea, nikamrudisha na toroli tupu.