Namba moja ya nini? Nilivyoipanga upya chati ya nyimbo kumi ya redio yetu Mbeya

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nilitangaza hewani kwamba wimbo uliokuwa unaongoza chati yetu umevunja rekodi: wiki 11 mfululizo namba moja. Nilisema kwa furaha na nilimaanisha. Haikupita muda simu ya studio ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Tukuyu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, namba moja ya nini? Ya kununuliwa, ya kupigwa, au ya kutumiwa meseji?"

Nikamjibu, "Ya wasikilizaji, mzee." Akasema, "Haya, asante," akakata simu. Swali lile lilinikaa kifuani wiki nzima.

Kipindi chenyewe nilikirithi, pamoja na kaunta buku tano za waliokiendesha kabla yangu. Kila ukurasa una tarehe, nyimbo kumi na nafasi zake, basi. Hakuna mahali palipoandikwa nafasi hizo zilipatikanaje. Mimi nilikuta utaratibu wa meseji nikaendelea nao. Baada ya simu ile nilichukua simu ya kipindi nikazihesabu meseji moja moja, nikiandika na namba zilikotoka. Meseji 140 za wimbo ule zilikuwa zimetoka kwenye namba 9 tu. Sikuweza kumlaumu mtu, maana hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria haikuwepo.

Nilimpigia mzee nikamwomba nimtembelee. Alinikaribisha kwa chai na ndizi za kuchemsha, akafungua sanduku la mbao lililojaa santuri, akachomoa moja ndogo ya inchi 7, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Karatasi ya katikati ilikuwa imefifia, na pembeni palikuwa na herufi mbili za wino, alama yake ya zamani ili santuri isipotee ikiazimwa. Upande mmoja umeandikwa sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja unavyoweza kubeba, kwa hiyo uliimbwa huku, ukageuza, magitaa yakachanganya kule. "Sisi ukumbini tulikuwa tunautaka upande wa pili," akasema. Akatoa nyingine, ndogo vilevile, hiyo ina nyimbo mbili tofauti, kila upande wake. "Haya niambie. Hii ni nyimbo ngapi, na ile ni nyimbo ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kabla ya kuhesabu lazima useme singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake, ni kitu gani. Niliporudi mjini nilianza kusoma wenzetu wenye chati za siku nyingi walilitatuaje, na nikakuta nao walihangaika hivihivi. Jarida la Billboard la Marekani lilianzisha chati ya nyimbo mia, Hot 100, tarehe 4 Agosti 1958, ikijumlisha mauzo ya santuri na upigaji wa redioni. Kabla ya hapo walikuwa na orodha tofauti: ya madukani, ya redioni, na ya zile mashine za kutumbukiza sarafu kwenye mabaa. Namba moja tatu kwa wiki moja, na zote za kweli. Kwa miaka mingi kila upande wa santuri ulishika nafasi yake: mwaka 1968 "Hey Jude" ya The Beatles ilikaa namba moja wiki tisa, huku "Revolution", iliyokuwa mgongoni mwake, ikihesabiwa peke yake na kuishia namba 12. Ilipofika Novemba 1969 wakabadili, pande mbili zikashika nafasi moja, na mara moja "Come Together" na "Something" zikawa namba moja kwa pamoja. Muziki ni uleule na santuri ni ileile. Kilichobadilika ni kalamu ya mhesabuji.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha "Don't Speak" ya bendi ya Marekani, No Doubt. Ilikaa wiki 16 kileleni mwa orodha ya redio ya Marekani, lakini kwenye Hot 100 ya wakati ule haikuonekana kabisa, kwa sababu haikutolewa kama singo ya kuuzwa dukani, na sheria ilidai singo iwe dukani. Sheria hiyo iliondolewa Desemba 1998. Nilifikiria Bongo Fleva ya enzi za kanda. Msanii alikuwa anaachia ngoma redioni ili watu wakanunue kanda nzima. Singo ya kununua peke yake hatukuwa nayo. Tungepimwa kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, nyimbo zote zilizotikisa nchi hii zingepata sifuri. Ndiyo maana huwa naumia mtu akisema wasanii wetu wa zamani "hawakuwahi kuwa na hit" kwa vile hakuna takwimu zao. Hazikuhesabiwa. Kutohesabiwa si kutopendwa.

Njia ya kuhesabu niliipata London. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilichapa chati ya kwanza ya Uingereza ya santuri zilizouzwa. Percy Dickins wa gazeti hilo aliipata kwa kupiga simu kwenye maduka kama 20 na kuuliza zipi zinanunuliwa sana. Simu tu! Niliposoma hapo nikasimama. Na mimi nina simu.

Maduka ya santuri hatuna, lakini tuna mahali wimbo unapokutana na mtu. Nikaanza na vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi pale Mwanjelwa na Kabwe, vinne. Nikapata makonda watatu wa daladala za Uyole hadi Mbalizi, na madijei wawili wanaopiga kwenye kumbi za harusi. Meseji sikuzifuta, ila kila namba ya simu inahesabiwa mara moja kwa wiki. Wiki yangu inaanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Kila chanzo kinanipa nyimbo zake kumi kwa mpangilio, ya kwanza inachukua pointi 10, ya kumi inachukua 1, kisha najumlisha.

Kuwapata makonda haikuwa kazi ndogo. Wa kwanza alidhani mimi ni mtu wa kodi. Wa pili alinipa orodha ya nyimbo anazozipenda yeye, nikalazimika kupanda gari lake asubuhi tatu kutoka Uyole, nikiwa na daftari magotini, nikiandika kinachopigwa kweli. Na humo ndani ya daladala nikaona kitu ambacho kaunta buku zote tano hazikuwahi kukiandika: alfajiri hadi karibu saa tatu ni kwaya na nyimbo za injili mtindo mmoja. Abiria wanaimba nazo. Mama mmoja mwenye ndoo ya maparachichi aliimba sauti ya pili kutoka Sae hadi Mafiati bila kukosea. Nyimbo hizo hazikuwahi kuingia kwenye kumi bora yetu hata mara moja, kwa sababu mtu fulani zamani aliamua chati ni ya Bongo Fleva, na wanaozisikiliza hawakuwa watu wa kutuma meseji redioni. Nilizirudisha. Wiki ya kwanza ya hesabu mpya wimbo wa kwaya ulishika nafasi ya tatu.

Suala lililotugawa studio ni la rimiksi. Rayvanny ni mtoto wa Mbeya, hapa hatumzungumzii kwa utulivu. "Tetema" ilitoka 2019; mwaka 2021 ikaja "Mama Tetema" ya Maluma wa Colombia akiwa naye, wakaipiga Budapest kwenye tuzo za MTV za Ulaya. Kijana ninayefanya naye kazi alisema ni wimbo mmoja, zijumlishwe. Mimi nikasema hapana. Wamarekani kwa kawaida wanajumlisha: "Despacito" ilipokaa wiki 16 kileleni mwaka 2017, toleo la awali na lile lenye Justin Bieber zilihesabiwa pamoja, na "Old Town Road" ilipofikisha wiki 19 mwaka 2019, rimiksi zake zote ziliingia kwenye kapu moja. Tulibishana siku mbili. Mwishoni tukaandika hivi: mashairi yakibaki yaleyale na mwenye wimbo akabaki kuwa yuleyule, ni wimbo mmoja hata akialikwa mgeni, mashairi yakibadilika na mwenye wimbo akawa mwingine, ni wimbo mpya. Kwa kipimo hicho "Mama Tetema" inasimama yenyewe. Kijana bado hajaridhika, na hoja yake ina uzito, lakini sheria sasa imeandikwa na yeyote anaweza kuisoma.

Msanii mmoja haruhusiwi zaidi ya nyimbo mbili kwa wiki. Hilo nalo nililichukua Uingereza. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu, nyimbo zake 16 zikajaa kwenye 20 bora, na miezi michache baadaye wakaweka kikomo cha nyimbo tatu.

Sasa, kulinganisha. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza hewani. Tarehe 4 Aprili 1964 The Beatles walishika nafasi zote tano za juu za Hot 100. Kwenye chati ya tarehe 5 Novemba 2022 Taylor Swift akashika zote kumi. Ukisoma harakaharaka utasema kumi inaipita tano, kwisha habari. Lakini zile tano zilikuwa santuri tano tofauti. Mtu aliingia dukani akatoa pesa kwa kila moja, na redio zikazipiga. Zile kumi ni nyimbo za albamu moja, na mtu aliyeisikiliza albamu yote mtandaoni alizipa zote hesabu bila kuchagua. Kwangu mimi ni rekodi mbili za kweli zisizopimwa kwenye mzani mmoja.

Mzee aliniwekea sawa jambo hili kwa santuri yake. Aliinunua mara moja, ameipiga zaidi ya miaka arobaini. Kwenye chati ya mauzo amehesabiwa siku moja tu, ile ya kununua. Kijana wa leo akiupiga wimbo mtandaoni anahesabiwa leo, kesho na keshokutwa. Ndiyo maana nyimbo za sasa zinang'ang'ania chati muda mrefu hivyo: zamani tulihesabu kununua, leo tunahesabu na kurudia. Na hata huko kurudia bei yake inabadilika. Uingereza walipoanza kuingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye chati ya singo, Julai 2014, mara 100 zilikuwa sawa na nakala moja iliyouzwa. Mwaka 2017 zikawa 150. Mwaka 2018 wakatenganisha: mara 100 kwa wanaolipia, 600 kwa wanaosikiliza bure.

Halafu nafasi haisemi pengo. "Last Christmas" ya Wham! mwaka 1984 iliishia namba mbili Uingereza, nyuma ya ule wimbo wa wasanii wengi wa kuchangia njaa ya Ethiopia, ingawa iliuza zaidi ya nakala milioni moja. Kuna namba moja nyingi ambazo hazikukaribia kiasi hicho. Ilikuja kushika namba moja kwenye chati ya tarehe 1 Januari 2021, miaka 36 baadaye. Kwetu pia wimbo ukitoka wakati mpunga wa Kyela umevunwa na harusi zimepamba moto, unapambana na nyimbo nzito. Ukitoka masika unaweza kuongoza ukiwa mwepesi. Kwa hiyo sasa pembeni ya kila nafasi naandika na pointi zake, ili atakayekuja baada yangu auone umbali.

Kaunta buku za zamani sikuzigusa. Nilipiga mstari mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho wa meseji, nikaandika tarehe na sheria zote, na hewani nikarekebisha: wimbo ule uliongoza wiki 11 kwa hesabu ya meseji, na rekodi hiyo inabaki kwenye kitabu cha meseji. Meneja wa msanii alikuja amekasirika. Nikamwonyesha kila kitu, namba zile 9 na orodha za makonda. Wimbo wake kwa hesabu mpya ulikuwa wa sita, na ulikuwa wa sita kwa haki. Aliondoka hajaniaga.

Kilichobaki ni Tukuyu na Kyela, ambako bado sijapata vibanda vya kunipa orodha. Mzee ameshaniambia ana mpwa wake anayepiga muziki stendi. Wiki hii nyimbo mbili zimefungana kwa pointi 31 kwenye nafasi ya nne. Kijana alitaka tuzipigie kura studio. Ile chati ya kwanza ya London ilikuwa na nafasi 12 na santuri 15, kwa sababu zilizofungana waliziacha zikae pamoja. Nami nimeziacha. Jumamosi hii kumi bora yetu ina nyimbo kumi na moja.